Kiti cha Mama Mkwe Kimetundikwa Ukutani

Mpendwa Mama Kadowaki, nasoma ushauri wako gazetini kila wiki, leo nakuomba unisaidie mimi, maana mwenzio nimekwama na sina wa kumwambia, mtaa mzima unaniona mimi ndiye mwanamke mwenye bahati kuliko wote hapa Takaoka.

Nina miaka hamsini na minane, naishi na mume wangu Yasunori, ambaye kazi yake iko kwenye karakana ya kuyeyusha shaba, pamoja na mama yake mzazi, Mama Tsuruyo, aliyetimiza themanini na nne mwezi wa pili. Kwa miaka tisa sikukosa hata Jumapili moja kile kipindi cha televisheni cha "Nyumba Yapata Pumzi", ambamo fundi mkuu huchukua nyumba kuukuu ya watu akaibomoa ndani na kuifanya upya, na kila kikiisha nilikuwa naingia kwenye ukurasa wa watazamaji kuandika maoni, si kwa jina langu bali kwa jina la "Birika", na si kujisifu lakini maoni yangu yalikuwa yanapendwa, kwa sababu nilikuwa nasema wazi, rangi hii imekosewa, jiko hili liko mbali na sinki, na wenye nyumba waliokuwa wananuna siku ya kuonyeshwa nyumba mpya nilikuwa siwaachi, kuna mzee mmoja wa Niigata aliuliza meza yake ya zamani iko wapi, nikaandika kwamba watu wengine hata ukiwapa mwanga wataulizia giza lao, watazamaji mia mbili wakaniunga mkono.

Basi mwaka jana nikaomba na sisi tufikiriwe. Nyumba yetu ilikuwa nyembamba na giza mchana kutwa, ngazi zimesimama wima, bafu la baridi ambamo Mama aliteleza mara mbili wakati wa theluji, tukachaguliwa, tukahamia nyumba ya kupanga miezi minne kwa masharti yao kwamba hakuna kuchungulia mpaka siku ya kamera.

Sasa sikiliza. Jiko la zamani lilikuwa na mlango wa nyuma unaotokea kichochoroni, na chini ya mlango ubao mnene wa kukanyagia, umelika katikati kwa sababu Mama alikuwa anaketi pale kila asubuhi kwa zaidi ya miaka hamsini, anamenya maharage mabichi au anakata figili za kukausha, na ng'ambo ya kichochoro, hatua mbili tu, ameketi Bibi Kinue naye mlangoni kwake, wanausengenya mtaa mzima nyumba kwa nyumba. Fundi Hirabe, yule fundi mkuu wa kipindi, aliuziba ule mlango, akajenga ukuta mzima wa makabati, makabati mazuri Mama Kadowaki, sijapata kuona, na ule ubao akausugua na kuupaka mafuta, akautundika kwenye chumba kipya cha Mama chenye dirisha la jua, akauwekea na taa ndogo juu yake, uwe ukumbusho. Siku ya kamera Mama aliingia na koti lake, akatazama, akasema, "Jamani, pazuri. Nimewasumbua sana nyote," akainama, akaugusa ubao kwa vidole viwili, machozi yakamtoka. Fundi akalia, mimi nikalia, hata kijana wa kushika taa akalia.

Maoni yalipita mia sita na niliyasoma yote. "Bibi kalia nami nikalia mpaka supu yangu ya miso ikapoa." "Makabati yale jamani, ningekuwa nayo mimi nisingetoka jikoni." "Mkwe mwenye moyo kama huyu siku hizi hapatikani," hayo niliyasoma labda mara thelathini. Ila mtu mmoja wa Akita anayejiita "Soksi Moja" aliandika hivi tu: "Kiti cha bibi kimetundikwa ukutani. Sasa atakaa wapi?" Nilimjibu mara tatu kama Birika, nikijifanya siijui hiyo familia, nikamwambia yule mkwe amejitolea sana na wewe umekaa tu kwenu na soksi zako, hakurudi kunijibu, na hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Bibi Kinue zamani alikuwa anasukuma mlango wa nyuma na kuingia bila hodi, mkononi ana figili zenye udongo. Sasa inabidi azunguke barabarani na goti lake bovu, abonyeze kengele yenye kamera. Mara ya kwanza alicheka, "We Tsuru, umekuwa mke wa waziri! Niingie na mguu upi?" Mama naye akacheka. Mara ya pili alikuja na koti la kutokea, na boksi la keki limefungwa kwenye kitambaa, akakaa ukingoni mwa sofa, akasema pazuri, pazuri, nisiwachoshe, akaondoka. Tangu mwezi wa nane hajaja. Juzi nikamkuta Mama amesimama jikoni, amefungua kabati la sahani na kuingiza kichwa mle ndani, nikamuuliza, "Mama, unatafuta nini?" Akasema, "Kinue anakohoa. Tangu Jumatatu."

Wiki iliyopita tukiwa kwenye kifungua kinywa akasema, kama mtu anayesema leo kuna upepo, "Nimeongea na yule binti wa ofisi ya wazee. Ile nyumba ya wazee ya kule bandarini chumba kimepatikana. Hapa ni pazuri mno kwangu, nachelea kupachafua." Yasunori akashusha gazeti, "Una uhakika, Mama?" "Nina uhakika." Akalipandisha gazeti. Mimi nikammiminia Mama chai. Fomu inatakiwa irudishwe tarehe ishirini Desemba. Nimemwomba Yasunori azungumze naye vizuri, ananijibu Mama akishaamua ameamua, amekuwa hivyo tangu yeye Yasunori akiwa mtoto.

Na watu wa televisheni wamepiga simu, Aprili wanakuja kupiga picha za mwaka mmoja baadaye, wanamtaka Mama chumbani kwake, chini ya ule ubao. Nitawaambia nini? Watazamaji watasema nini wakisikia bibi waliyemlilia kahama? Mimi nawajua, nimekuwa mmoja wao miaka tisa, hawatamwacha mtu salama.

Na nisikufiche, kabla ya kazi kuanza Fundi Hirabe aliniuliza Mama hupenda kukaa wapi, nikamjibu hana anapopenda, anakaa pale mlangoni kwa sababu nyumba ni ndogo na hana pengine. Niliamini hivyo. Miaka thelathini na moja nimemwona pale na niliamini hivyo.

Nishauri namna ya kumshikilia Mama angalau mpaka Aprili, na kama kuna njia ya kuiomba televisheni iyafute maneno ya yule Soksi Moja.

Ni mimi, Birika, Takaoka.

*

Bi Birika,

Tuanze na Soksi Moja, maana naona anakunyima raha kuliko hata koti la Bibi Kinue. Mwache. Hajakutukana. Kauliza swali, tena swali zuri, na wewe umekwenda kumjibu mara tatu kwa jina la kuazima huku ukijisifu mwenyewe. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, unagombana na soksi! Televisheni ikiyafuta maneno yake, wewe utakuwa umeshayasoma. Hayafutiki tena.

Mimi nami nilikiangalia kipindi chenu. Nililia kama wenzangu. Nilimwambia mume wangu tazama, bibi wa watu amepata chumba cha jua, kisha nikaosha vyombo, na kufika Jumatano nilikuwa nimeshawasahau. Hao ndio watazamaji unaowaogopa. Wiki iliyofuata walikuwa wanaililia familia nyingine. Ungemkumbuka wewe yule mzee wa Niigata kama usingeandika barua hii? Alikuwa anaulizia meza yake tu, maskini, na wewe ukampigia kelele nchi nzima.

Lakini sikukataa barua yako, na nitakuambia kwa nini. Yale uliyoyaandika karibu na mwisho, kuhusu swali la fundi, ungeweza kuyaacha na nisingejua. Umeyaandika. Inaumiza kukaa na mtu miaka thelathini na moja halafu ukagundua hukuwahi kumwuliza anapenda nini. Nakuonea huruma kwa hilo, na nasema kweli. Tena ulimwombea bafu lenye joto kwa sababu alikuwa anateleza, hilo ni jema, usiliondoe kwenye hesabu kwa kuwa tu sasa unajilaumu.

Sasa kazi. Mpigie simu Fundi Hirabe wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie, "Uliniuliza nami nikakujibu vibaya." Usimlaumu, alifanya alichoelekezwa na alikifanya kwa ustadi. Mwulize kama ukuta ule wa makabati unaweza kufunguliwa mlango pale ulipokuwa. Utapoteza makabati matatu au manne. Sahani zitakosa pa kukaa, utazipanga kwingine. Watu wa televisheni wakilalamika kwamba nyumba ya sasa haifanani na waliyoionyesha, waambie ndivyo zilivyo nyumba zenye watu ndani, na wakitaka kupiga picha, wapige picha ya mlango. Wakikataa kuja, utakuwa umeokoa siku nzima ya kufagia.

Kuhusu ubao, usiuteremshe. Najua tayari umeshaona picha: unamwita Mama, unafungua mlango, ubao uko chini, analia tena. Acha kabisa! Ameshafanyiwa maajabu ya kutosha kwa umri wake. Mwulize anautaka wapi. Akisema ubaki ukutani kwa kuwa sasa ni mzuri, na yeye aletewe kigoda cha plastiki cha bafuni, mpe kigoda na usimbishie.

Mlango hautajengwa kesho, na Bibi Kinue anakohoa leo. Kwa hiyo asubuhi chukua supu ya moto, mchukue na mama mkwe wako, mwende wote kwa huyo mgonjwa. Ukifika, weka supu, aga, ondoka. Usikae kusikiliza, maana nadhani nawe ni miongoni mwa watakaosengenywa. Mwambie Bibi Kinue kwamba asubuhi mlango wenu wa mbele utakuwa wazi, aingie bila kengele, na akija na figili zenye udongo wewe ndiye utakayepiga deki. Useme hivyo Mama akiwa anasikia.

Mumeo naye mnyang'anye gazeti. Si lazima aseme neno, naona kusema kunamshinda, lakini mtu anayeshinda na shaba ya moto mchana kutwa hashindwi kushika nyundo. Hilo kabati la kwanza alibomoe yeye.

Nimebakiza jambo moja. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia Mama Tsuruyo abaki. Sikupaona. Umemtuma mumeo. Umewaandikia watu mia sita usiowajua. Umeniandikia mimi kurasa sita, na mimi naishi Kanazawa, safari ya treni. Yeye yuko chumba cha pili. Aliposema pale mezani kwamba nyumba ni nzuri mno kwake, alikuwa anawapa nafasi mmoja wenu amkatalie, na hakuna aliyemkatalia. Watu wa rika lake hawaombi mara mbili. Akishaona kimya, huanza kukunja nguo.

Kwa hiyo weka gazeti hili chini, nenda kagonge mlango wake, na umwambie kwa mdomo wako, "Mama, nakuomba usiende. Mimi ndiye nisiyetaka uende." Usitaje Aprili, wala kamera, wala watu watasema nini. Ukikwama katikati ya sentensi, rudia tu. Huenda ameshaamua kweli, na akiondoka itakuwa haki yake. Lakini asiondoke akiamini kwamba humo ndani hakuna aliyemtaka.

Kadowaki