Funga Mdomo, Pilipili!

Jumatano, 5 Machi
Shule imetaka picha za watoto wote, midomo imefungwa. Darasa zima likapita studio kwangu, nikalimaliza kabla ya mchana. Akabaki mmoja tu — binti yangu mwenyewe! "Funga mdomo, Pilipili." Akafunga. Macho yakamtoka, pua ikapiga filimbi, mashavu yakavimba… pwaa! "Baba, nikifunga nakufa." Mwalimu wake akacheka. Nami nikacheka. Picha zote yuko kama samaki aliyetolewa majini.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kaja na dawa yake: mtoto afungwe kitambaa kidevuni akilala mchana, mdomo utazoea. Mke wangu kakataa katakata, mtoto atakosa pumzi. Basi bibi yake akajifunga mwenyewe, atuonyeshe. Fundo likakaza! Akawa anaongea kwa mikono, sisi tunajifanya hatuelewi. Nyumba ilivyotulia — raha iliyoje! Mke wangu akaenda kutafuta mkasi. Nikamwambia asiwe na haraka. Kaninunia mpaka sasa.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu kaniita. Leo hacheki. Pilipili anasinzia darasani, na akiitwa haitiki. Eti mkaidi. Nyumbani nikasimama nyuma yake, nikasema polepole: "Pipi." Kimya. Nikarudia. Kimya. Pilipili wangu, na pipi — kimya!

Alhamisi, 13 Machi
Kwa daktari wa masikio na pua. Kamwekea kioo kidogo chini ya pua: hakikupata ukungu hata chembe. Nyama za nyuma ya pua zimevimba, zimeziba njia ya hewa na kubana masikio. Ndiyo maana halali vizuri, ndiyo maana hasikii. Si ukaidi! Tujaribu kwanza dawa ya kupuliza, zisiponywea, zitolewe. Pilipili: "Mkizitoa, mtazipika?" Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe baba, hebu funga mdomo kidogo." Nikafunga. Filimbi! Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumanne, 22 Aprili
Dawa haikufua dafu. Wamemwingiza chumba cha upasuaji. Kaenda anapunga mkono kama bibi harusi, kawaagiza wasizitupe nyama zake, anataka kuziona. Mama mkwe anasali kwa sauti. Anasimama, anakaa, ananiuliza mimi kwa nini wanachelewa — kama vile nimo humo ndani! Naandikia gotini, herufi zinakimbia. Mke wangu kanipiga kiwiko: "Pumua, wewe!" Kumbe nilikuwa sipumui.

Mlango! Nesi katoka, anatazama huku. Nyuso ndiyo kazi yangu, nikimwona mtu najua — lakini huyu kavaa barakoa, naona macho tu. Anakuja. Anaishika barakoa, anaishusha — anatabasamu!