Jezi Yako Niliipunguza Mabega

Yaya Amani, kaka yangu mkubwa,

Sanduku lako limefika kutoka Marekani, na kosa la kwanza nimeshalifanya. Mama anataka Baba mdogo avae jezi yako Jumapili tutakapoondoa matanga. Alipoijaribu, mabega yalimshuka hadi karibu na viwiko. Nikajiuliza, huko kwa matajiri mafundi wanashona hivi? Nikapunguza mabega, nikabana kwapa, nikapiga pasi. Unanijua, nguo mbaya haitoki hivyo hivyo katika duka langu la ushonaji hapa Yeoville, Johannesburg.

Mwenda, mteja wangu Mkenya anayesoma Braamfontein, aliiona akaziba mdomo. "Eish, Dada Furaha, hapo ndani huwa wanavaa pedi nene za mabega." Nimefumua yote. Nyuzi bado ziko sakafuni.

Basi nikamkalisha anifundishe kazi yako. Miaka minane ulikuwa kwotabeki wa mpira wa Kimarekani, yule anayepokea mpira na kuamua uende kwa nani, lakini kila tulipokuona kwenye simu ulikuwa umesimama pembeni na karatasi mkononi. Mama aliwaambia kanisani, "Mutoto yangu hachezake, anashauriaka kocha." Mimi sikuwa mpole kama yeye. Mara ya mwisho ulisema utabaki msimu mmoja zaidi, nami nikakujibu, "Wewe unalipwa kusimama tu." Ukacheka kidogo, ukaniaga. Wiki iliyofuata tukapata habari ya ajali yako ya gari. Neno hilo ndilo la mwisho ulilolisikia kwangu.

Kumbe kwotabeki wa akiba kama wewe anakariri kila anachokariri yule wa kwanza, siku yake ije isije. Mwenda alinitafutia ile mechi ambayo mwenzako aliumia, ukaingia wewe. Nimeitazama mara sita. Wanaume kumi wameinama kukuzunguka, midomo yako inakwenda, wanaitikia kwa vichwa. Uliwaambia nini? Mwenda anasema kocha huongea nawe ndani ya helmeti, halafu sekunde chache kabla mpira haujaanza, sauti inakatwa. Hapo ulikuwa unasikia nini, Yaya? Wewe uliyekuwa ukinituma duka la spaza peke yangu kwa kuogopa mbwa wa jirani.

Mlishindwa. Lakini kuna mahali jitu moja la timu nyingine lilimpita kijana aliyepaswa kukulinda, likakubwaga chini. Nilidhani utainuka umfokee kijana huyo. Ukaenda kwake, ukamgonga kifuani mara mbili, ukamwambia kitu, akacheka. Nilisimamisha video hapo, nikalia. Ningependa sana kujua ulimwambia nini.

Nina maswali mengi, na Mwenda ameshaanza kunikimbia. Kwa heri, Yaya wangu. Pumzika. Jumapili wataniita mbele nisimulie kazi yako, nami nitaieleza vizuri, hata Mama aache habari za kushauri kocha. Kisha nitawaambia nilichokujibu kwenye simu siku ile. Nakuahidi, sitakipunguza. Mama bado hajui.

Mdogo wako,
Furaha