Mwalimu Ndelilio wa Rombo

Pasua, Moshi
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua maumivu na ile dawa ya kuchua inakufaa. Huku mjini mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya mwaka huu imeshuka mpaka Pasua, asubuhi natoka na kitenge mabegani kama niko Mwika. Je, ndama ameanza kula majani? Na kahawa ya upande wa mfereji, umepata watu wa kukusaidia kuchuma?

Najua unashangaa kuletewa barua wakati kila jioni tunaongea kwa simu. Ninalotaka kukuambia nimejaribu mara tatu kulisema kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za ng'ombe. Nimemwomba mwinjilisti Filemon aibebe anapopanda huko Mwika kesho. Tafadhali isome mwenyewe, ukiwa umekaa.

Mwezi wa tano mkuu wetu wa chekechea, mama Jasoda, alituandikisha walimu wote kwenye kozi ya mtandaoni ya kufundisha watoto kusoma. Sijui nikueleze vipi ili upate picha. Ni darasa moja lenye watu elfu kumi na moja, na hakuna anayemwona mwenzake. Masomo yako kwenye kompyuta, na baada ya kila somo kuna mahali panaitwa jukwaa, ambapo wanafunzi wanaandika maswali na kujibizana. Ukiandika neno hapo, palepale linasomwa na mtu wa Kigoma na mtu wa Mombasa. Sisi wa Kiswahili tulitengewa kona yetu. Kazi ya kwanza ilikuwa kila mtu ajitambulishe: majina yote matatu, alikokulia, na kwa nini ni mwalimu.

Nilikuwa chumba cha walimu nasoma maelezo ya wenzangu huku nakunywa chai, nikakuta hii: "Naitwa Ndelilio Eliaichi Mariki. Nimekulia Mwika. Nafundisha darasa la kwanza huku Rombo."

Chai ilinimwagikia mapajani, nikaja kujua nimeungua niliporudi nyumbani. Mama, nililisoma lile jina mpaka herufi zikaanza kucheza. Nilijiambia majina hufanana. Lakini Ndelilio, tena wa Eliaichi, tena Mariki, tena wa Mwika? Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipomzika dada Ndelilio kihambani, kwenye migomba yetu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika taji la maua. Nilihisi kama mtu amefukua.

Tangu siku hiyo nikawa naingia kwenye jukwaa kumfuata yeye tu. Na alikuwa mwalimu hodari, hilo siwezi kulificha. Aliandika jinsi anavyowafundisha watoto herufi kwa kuzipanga kwa punje za mahindi sakafuni, na jinsi alivyokaa mwaka mzima na mtoto mmoja aliyekuwa hasemi mpaka akasoma jina lake mwenyewe. Watu walimjibu kwa mamia. Asante mwalimu Ndelilio. Ubarikiwe mwalimu Ndelilio. Kila nilipoiona asante moja, nilimwona dada kitandani amekonda, hana hata nguvu ya kushika kikombe, na hizi asante anazila mtu mwingine.

Yaliyofuata unayajua, maana yalikufikia wewe kabla hujajua kisa chake. Mtu mmoja aliandika pale jukwaani, mbele ya darasa zima, kwamba Ndelilio Eliaichi Mariki ni marehemu, kwamba huyu anayejiita hivyo ni mwizi anayekula jasho la maiti. Wasimamizi wa kozi waliufuta ujumbe kesho yake, lakini tayari kuna aliyeuchapisha na kuufikisha wilayani. Ndipo wewe ukapata ule wito kupitia ofisi ya kijiji, nikaja kukuchukua, tukaenda wote Mkuu, kwenye ofisi za wilaya ya Rombo.

Mama, ile siku mimi nilikwenda kumwona mwizi. Nilikuwa nimejiandaa. Mlango ulipofunguliwa nikamwona amekaa pale mwanamke amefunga kilemba, mikono juu ya magoti, nikamtambua: Zita. Zita yule aliyekuwa anamsuka dada nywele kibarazani kwetu, ambaye mlituambia amehamia Tanga. Ofisa akasoma ule ujumbe kwa sauti. Jina la aliyeuandika lilikuwa limekatwa kwa mkasi juu ya karatasi. Kisha akakugeukia akakuuliza kama cheti cha mwanao kiliibiwa.

Ukasema, "Hakikuibiwa. Nilikitoa mimi kwa mkono wangu."

Nilikuwa nimekushika mkono. Ukaeleza taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani: kwamba Zita alikuwa anashindania nafasi ya kwanza na dada darasani, akafukuzwa kwa ajili ya mimba mwezi mmoja kabla ya mtihani wa kidato cha nne, kwamba dada alipougua ni yeye, na mtoto wake mgongoni, aliyekuja kila asubuhi kumwogesha, kwamba barua ya kumwita dada chuo cha ualimu ilifika wiki moja baada ya mazishi. Ukasema chuoni kulikuwa na nafasi na hakuna wa kwenda, na jikoni kwako alikuwa amekaa binti mwenye akili, analia. Cheti cha dada hakikuwa na picha. Ukampa barua na cheti, ukamwambia aende, asirudi Mwika kuonekana. Mimi ulikuwa umeshanipeleka kwa shangazi Kibosho, kwa hiyo sikujua kitu.

Nilikutazama kama mtu nisiyemjua. Miaka kumi na tisa, mama! Kila Jumapili ninayopanda nyumbani tunakaa benchi moja kanisani!

Ofisa hakuwa mkali, ila alisema sheria ni sheria. Zita akaambiwa asiingie darasani mpaka kamati ikae. Njiani kurudi, tulipokaribia Mwika, ukaniuliza huyo aliyeandika vile, yeye hana mama? Ukaniambia kwa kuwa mimi najua mambo ya kompyuta, nikutafutie ni nani. Na tangu siku hiyo, kila ninapopiga simu unaniuliza kama nimempata.

Nimempata, mama. Ni mimi.

Niliandika mwenyewe, kwa vidole vyangu, na jina langu Aikaeli likiwa juu yake. Sikumwuliza yule mwanamke faraghani. Sikukuuliza wewe, wakati simu ilikuwa mfukoni. Nilitaka watu wote elfu kumi na moja waone, na walipoanza kumtukana nilikaa nikisoma matusi moja baada ya jingine na nilifurahi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Jana nilikwenda Mkuu peke yangu. Nilimkuta Zita uani anamenya ndizi za supu ya mtori, binti yake anamsaidia. Yule mtoto wa mgongoni ni mwanamke mzima sasa, anasomea uuguzi. Nilianza kulia kabla sijasalimia. Zita akamtuma binti dukani, akanivutia kigoda, nikamwambia kila kitu. Hakuacha kumenya. Akaniambia, "Aika, najua. Nililisoma jina lako kabla hawajaufuta."

Nilimwuliza kwa nini basi pale ofisini hakusema. Akasema aliniona nimekushika mkono, akaona akitamka neno moja tu wewe utatoka mle ndani huna mtoto hata mmoja. Akasema ulimpa maisha, na hilo ndilo la pekee alilokuwa nalo la kukurudishia.

Ameniomba nisikuambie kamwe. Nimeshindwa. Siwezi kukuacha uendelee kumtafuta mtu huyo huku ukiniombea mimi kwa jina kila jioni.

Kamati inakaa tarehe ishirini na sita. Ofisa ameniambia wazi kwamba Zita hatabaki kazini, na ninyi wawili mnaweza hata kushtakiwa. Nitakwenda kusimama nanyi na kusema kwamba familia haina malalamiko, ingawa najua hilo halitabadilisha mengi. Mama Jasoda nimemweleza. Amesema chekechea yetu inahitaji msaidizi, naye hataangalia cheti, atamwona akifundisha. Zita hajajibu.

Jumamosi nitapanda kuja. Zita amesema atafuatana nami, kwa sababu mbele yake hutanifukuza. Mimi sina uhakika huo, wala sikuombi unihakikishie.

Nisalimie mama mdogo Elisifa na wanakwaya wote, na umwambie jirani Praygod kwamba dawa ya mbuzi wake nitaileta. Mungu akulinde, akupe moyo wa kuisoma barua hii hadi mwisho.

Ni mimi mwanao uliyebaki naye,
Aikaeli