Mpira wa Mia na Kumi na Mbili

Mwaka umetimia leo, ndugu yetu, tangu uanguke kando ya meza ya pool mchana kweupe, na kabla mgongo wako haujagusa sakafu mkeo akatamka mbele ya watu wote: "Faulo."

Tunaanza na hilo kwa sababu mtaa umelisema mwaka mzima. Watu wakitukuta sokoni wanaanza na faulo, pole inafuata baadaye. Basi na lisemwe na wenyewe.

Ulikuwa fundi vioo, na mkono uliotulia kama wako hatujauona tena. Ulipitisha kisu chako cha vioo mara moja, ukagonga kidogo kwa chini, kioo kikaachana bila kelele. Mabibi wa mtaani wanakukumbuka kwa upole wako. Ukimaliza kazi ulifagia vipande vyote mwenyewe, ukafuta kioo kwa kitambaa, ukasema, "Haya bibi, sasa utawaona wanaokusengenya." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwako mwenyewe dirisha la chumbani lilizibwa kwa boksi la sabuni, na mvua ikinyesha mkeo alihamisha mto upande wa pili. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Boksi lile alilitoa wiki ya pili baada ya kukuzika, akaita fundi mwingine.

Wewe unajua, ila wanaosoma hapa huenda hawajui: mchezo wako haukuwa ule wa vijana wa kufukuzana na mipira ya milia. Wako ulikuwa wa kuita. Mchezaji anataja mpira, anataja na shimo, ndipo anapiga, na kila mpira ulioingia ni alama moja. Akikosa, au akigusa mpira kwa mkono au nguo, hesabu yake inaishia hapo. Ukibaki mpira mmoja mezani, ile kumi na minne iliyoingia inapangwa upya naye anaendelea. Anaweza kuendelea mpaka mkewe amsahau sura.

Ukutani pale ukumbini limeandikwa kwa rangi nyekundu jina la Kinyozi, na mbele yake mia moja kumi na moja. Kinyozi aliipata rekodi hiyo siku moja, hata yeye hajui vipi, na siku hiyohiyo akaweka fimbo chini asiishike tena. "Mimi si mjinga," alisema. "Nikicheza tena mtajua nilibahatisha." Tangu hapo kazi yake ikawa kukaa kwenye benchi na kikombe cha chai, anawatazama wenzake wanavyohangaika. Ukifika sabini, anapuliza chai. Ukifika tisini, anapuliza kwa nguvu. Ukikosa, anasema, "Pole fundi, kioo kimepasuka." Ulimchukia kama ukoma. Ukawa unanyolewa mtaa wa pili ili asikushike kichwa.

Mama yetu alipokuwa anakata roho, mdogo wako alikimbia kukuita. Alikukuta kwenye themanini na tatu. Hukugeuka hata shingo. Ulisema, "Mwambieni mama anisubiri kidogo." Mama hakuwa mtu wa kusubiri hata alipokuwa mzima. Ulifika tumekwisha kumfunika, chaki ya bluu ingali kidoleni, na dada yako mkubwa alipokuuliza ulikuwa wapi ulimjibu, "Nimekosa ya themanini na nne." Tulikusamehe kwa midomo. Huo ndio msamaha tuliokuwa nao siku ile.

Hesabu pale ukumbini inawekwa kwa shanga. Zimetungwa kwenye waya juu ya meza, na mhesabu anazisogeza kwa kijiti, moja kwa kila mpira. Neno la mhesabu halirudiwi, ndiyo sheria ya ukumbi tangu ulipofunguliwa. Wahesabu wote walikukimbia. Mmoja alikohoa ukamtoa nje. Mwingine ulimwambia anapumua kwa makelele. Akabaki mkeo. Akitoka kwenye cherehani yake alikuja kukaa kwenye kiti kirefu chini ya waya, kimya, hajanywa hata maji. Wenzako wakatania: "Fundi huyu shanga za mkewe anazozijua ni hizi za kwenye waya tu." Ukacheka nao, na mwenyewe amekaa palepale, anasikia.

Kuna siku alikuhurumia. Mgongo ulikuwa umekusumbua wiki nzima, unacheza huku umeuma meno, naye akasogeza shanga mbili mahali pa moja. Ulijua, maana ulikuwa unahesabu kichwani. Ukalaza fimbo mezani, ukaita watu wote, hata waliokuwa nje wanavuta sigara. "Mtazameni vizuri mke wangu," ukasema. "Huyu ni mwizi." Kisha ukamgeukia yeye: "Kazi yako hapa si kunipenda. Kazi yako ni kuona." Nyumbani hukumsemesha karibu mwezi mzima. Chakula ukawa unakula kwa dada yako, na tulikupakulia. Toka hapo mkeo hakukosea tena hata shanga moja.

Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka na wewe unasema unasikia baridi. Mkeo alikuambia, "Twende kwa daktari, midomo yako imebadilika rangi." Ukasema, "Nikishavunja." Ukavaa sweta, wewe ambaye siku zote ulicheza umekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko. Tungekuwa na akili tungejua. Lakini ulianza kupiga, na kila ulichokiita kiliitika, na watu wakaacha meza zao wakaja yako. Ulipopita tisini Kinyozi alisahau kupuliza chai. Ulipopita mia alisimama. Ulipomfikia, mia moja kumi na moja, alivua kofia, na hapo tunamheshimu. Lakini kulingana si kuvunja. Anayelingana haandikwi.

Ukainama. "Mwekundu, shimo la kona, upande wa mlango." Ukapiga. Mpira ulikuwa bado unabingirika maradhi yalipokubana kifua. Goti likakosa nguvu, mkono wa kushoto ukaburuzika mezani, na ncha ya sweta ikaugusa mpira wa manjano ikausogeza upana wa ukucha. Mwekundu ukaingia. Watu wakapiga kelele, wengine kwa furaha, wengine kwa kuona unakwenda chini. Mkeo alikuwa ameinua kijiti. Akakishusha bila kugusa shanga, akasema neno lake. Hapo alidhani umeteleza tu.

Aliposhuka kitini akakuwekea kichwa mapajani alishajua. Ulikuwa unapumua kwa taabu. Kinyozi alikuwa amepiga magoti kando, ananong'ona, "Mwambie umehesabika, shemeji. Mwambie tu." Ukafumbua macho. Mdogo wako alikuwa amekushika miguu, ndiye shahidi wetu.

"Umehesabika?" ukauliza.

Mkeo akakutazama. "Haukuhesabika," akasema. "Uligusa wa manjano."

Ukafumba macho, ukaenda. Sura uliyokwenda nayo tunaijua, maana tulikuzika nayo. Ilikuwa sura ya mtu aliyekosa.

Msibani dada yako mkubwa hakumpa mkeo mkono. Tulimwita mkavu, tulimwita muuaji, na tulisema kwa sauti ili asikie. Binti yako aliondoka kurudi kwake bila kumuaga mama yake. Neno moja, tulisema, neno moja la uongo lingempunguzia nini? Kinyozi mwenyewe alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti kama mkwe. "Mpeni rekodi," alisema. "Mimi ni mzima. Chai nitakunywa hata bila rekodi." Mwenye ukumbi akakubali, ila sheria ni sheria: mhesabu mwenyewe atamke kwamba aliona vibaya. Mkeo hakutamka. Alishona nguo za watu, alifagia uwanja, alikwenda kaburini kung'oa magugu, na hakutamka.

Juzi mwenye ukumbi akaleta mchora mabango na kopo la rangi nyekundu, jina lako likae juu siku ya leo. Tukamtuma dada yako akamalizane na mkeo, kwa wema au kwa ubaya. Alimkuta kwenye cherehani, anapinda pazia.

"Wifi," dada yako akasema, "nimekuja kistaarabu. Sema uliona vibaya, tupumzike wote."

"Sikuona vibaya."

"Basi sema hivyohivyo! Ukweli unamfaa nini maiti?"

"Aliyekuwa anautaka ni yeye, si mimi."

"Ebo! Mtu anakufa, wifi. Anakufia mikononi, anakuuliza kitu kimoja tu, unamnyima. Hicho ulicho nacho kifuani ni moyo au ni jiwe?"

Mkeo akaondoa mguu kwenye cherehani. Alilikunja lile pazia kwanza, taratibu, akaliweka pembeni, ndipo akasema.

"Kichwa chake kilikuwa hapa," akajipiga paja. "Nilijua anakwenda. Kinyozi ananong'ona, na mimi uongo nimeshauandaa, uko hapa mdomoni. Nikasema moyoni, anitaje tu. Aniite jina langu. Amtaje mtoto. Aulize nitabaki na nani. Hata angesema nimemchosha, wifi, hata tusi, ningemwambia umehesabika, mume wangu, umevunja, jina lako liko juu. Nilimsubiri. Akafumbua macho akanitazama hivi, pumzi imebaki ya neno moja, na neno hilo akalitumia kwa mpira." Akavuta tena kiti. "Basi. Aliniuliza mpira, nikamjibu mpira."

Dada yako alifungua mdomo amtukane. Tusi alikuwa nalo tayari, amelitunza tangu mwaka jana, na alilitunga vizuri. Halikutoka. Alijikuta analia kwa sauti pale kwenye kigoda, na si wewe uliyekuwa unaliliwa.

Mchora mabango tumemrudisha na kopo lake. Mwenye ukumbi ameuliza kama tuna hakika, tukamwambia mhesabu amekwisha sema. Ukutani yupo Kinyozi, na Kinyozi atabaki mpaka atokee mtu wa kumtoa. Wewe hupo ukutani, ndugu yetu. Upo kwenye tangazo hili tu.

Unakumbukwa na mkeo, aliyekutazama zaidi kuliko sisi sote. Na binti yako, ambaye jana alimpigia mama yake simu wakaongea mpaka salio likaisha. Na dada yako mkubwa. Na mdogo wako. Na mashemeji na wajukuu. Na majirani ambao vioo vyako vingali madirishani mwao. Na Kinyozi, aliyetuomba sana tumhesabu miongoni mwa wafiwa.

Kukusahau tumejaribu, tumeshindwa. Tutaishi tukikukumbuka.