Neno la Mlangoni

Mjomba,

Shikamoo. Nimejiitikia mwenyewe marahaba kwa niaba yako, ile ndefu uliyokuwa ukiivuta mpaka aliyekusalimu anaanza kucheka. Nimefika Makote. Nimekaa barazani kwako, kwenye kigoda, kwa sababu kiti chako Mama amekitwaa na hataki mtu mwingine akikalie. Anasema anakutunzia. Uongo mtupu, amekipenda tu.

Huu ni mwaka wa pili tangu ututoke, na ndiyo kwanza nakuja. Mahindi yamekomaa, ukungu wa asubuhi bado unaganda mpaka jua lipande, na mwanao Hassani ameirithi baiskeli yako pamoja na kengele yake isiyolia. Kaburini nimekwenda. Nilikusomea Fatiha, nikalia, halafu nikajikuta nacheka peke yangu, maana nina habari ambayo ungeipenda kuliko mtu yeyote hapa duniani.

Ulikuwa ukiwaambia watu kwamba mpwa wako anafundisha kule mchele unakotoka. Ni kweli, niko Thailand, shule ya serikali, nafundisha watoto Kiingereza. Ambacho sikuwahi kukueleza vizuri ni mikataba. Sisi walimu wageni tulikuwa tukipewa ya miezi kumi tu. Likizo kubwa ikianza, mkataba unakufa, mshahara unakatika, na kibali cha kukaa nchini nacho kinakwenda na maji. Ukija nyumbani, ukirudi unaweza kumkuta mwingine ameshika chaki yako. Kwa hiyo kila likizo nilibaki kule kule kwa kibali cha muda, nikizungukazunguka karibu na shule ili wasinisahau. Ulipofariki ilikuwa hivyo hivyo: wa zamani umekwisha, mpya haujasainiwa. Mama aliponipigia simu nilikaa sakafuni. Nilitaka kuja, sikuja. Iliniuma, Mjomba, na inaniuma hata leo.

Kila mwaka niliapa kwamba safari hii nitaomba mkataba wa mwaka mzima. Naingia ofisini maneno nimeyapanga vizuri, lakini nikikaa tu mbele ya naibu mkuu, mama mmoja mpole anayeshughulikia walimu wageni, yote yanayeyuka. Nasema asante, nasaini, natoka.

Ni baada ya wewe kuondoka ndipo nilipoikumbuka kauli yako: "Mtu akijisemea, anajipunja." Wewe uliyeposea nusu ya vijana wa Newala na kushuka mpaka Masasi kwa ajili ya watoto wa watu, Hassani alipotaka kuoa ulimtuma mtu mwingine. Ukabaki nyumbani unazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga.

Nikaikumbuka na safari ya Nanganga, uliponichukua nikubebee zawadi, tunakwenda kumposea kijana wa jirani. Ulizungumzia mvua, ukasifu kisamvu, ukaulizia hali za mbuzi wao. Jua likapinda, posa hujaitaja. Nikadhani uzee umeingia, umesahau kilichotupeleka. Ukaaga, ukavaa viatu, ukachukua mwavuli wako ambao hukuuacha hata kiangazi, na pale mlangoni, wenyeji wameshalegea, wanacheka, ukasema, "Ah, kuna neno moja nimelisahau." Tulirudi na jibu zuri. Njiani ukanieleza kwamba mtu aliyekaa mbele yako amejiandaa kukukatalia, lakini akishasimama kukusindikiza, moyo wake umefunguka.

Basi nikatafuta mshenga. Usicheke. Au cheka tu.

Mshenga wangu alikuwa Rosa, mwalimu mwenzangu kutoka Ufilipino, mkataba wake kama wangu, woga wake kama wangu. Nilimsimulia habari zako tukila wali wa shuleni wenye pilipili ya kumliza mtu mzima. Alicheka mpaka akapaliwa. Alipomaliza kukohoa akauliza twende lini. Nikamfunda: usiitaje shida mapema, kula utakachopewa, sifu nyumba ya watu.

Siku ikafika. Tukavua viatu mlangoni, maana ofisi ile haiingiwi na viatu. Nikakaa kimya, macho chini, kama mwari. Naibu mkuu akaniuliza kama naumwa koo. Rosa akamjibu kwamba koo langu ni zima, ila leo nina msemaji. Yule mama akatutazama mmoja baada ya mwingine, asielewe, akatukatia papai. Rosa akamsifia mjukuu wake aliyekuwa kwenye picha mezani. Kisha akanisifia mimi, mambo ambayo nisingeyatamka hata kwa fimbo: kwamba watoto watukutu hutulia nikianza kuwaimbia, kwamba mwenzetu akiumwa mimi ndiye ninayeshika vipindi vyake bila kuombwa. Nilitamani sakafu inimeze, na wakati huo huo nilitamani aendelee.

Tukaaga kwa desturi yao, viganja pamoja, vichwa chini. Naibu mkuu akatusindikiza. Rosa, ameinama anavaa kiatu cha pili, akasema, "Samahani, kuna neno moja nimelisahau. Mwenzangu huyu, mjomba wake amezikwa yeye hayupo. Anaomba mkataba usiokufa likizo ikianza, aende akamsalimie, kisha arudi kazini."

Mimi nilifungua kamba za viatu vyangu nikazifunga upya. Mwishowe yule mama akaniuliza mimi mwenyewe kwa nini miaka yote hiyo sikuwahi kusema. Nikamjibu kwamba kwetu mtu hajisemei. Akatikisa kichwa, akasema atalipeleka kwa mkuu wa shule.

Mkataba ulirudi wa mwaka mzima, likizo ndani yake. Nilisaini kwa furaha. Halafu nikaenda kumsemea Rosa, na wake ukatoka vile vile. Siku hizi hakuna mwalimu mgeni anayekwenda ofisini peke yake. Naibu mkuu ameshaujua mchezo wetu. Akiona tunavaa viatu husimama akasubiri, kisha hutuuliza leo tumesahau neno gani.

Na kuna la hapa nyumbani. Mjukuu wako, mtoto wa kwanza wa Hassani, amepata mchumba Masasi. Hassani alipoisikia hadithi ya Rosa akasema mshenga amepatikana, ndiye mimi. Wazee waliguna, wakisema mwanamke, tena bado kijana. Mama akawauliza, akiwa juu ya kiti chako, kama kuna mwingine aliyekwenda na wewe Nanganga. Wakamaliza chai yao. Tunashuka Jumamosi, na mwavuli wako naubeba mimi.

Sasa nakuaga, Mjomba. Nakuahidi mboga yao nitaisifu hata ikiwa na mchanga, na sitaharakisha neno. Na likizo kubwa ikija nitakuja kukusalimia, maana sasa naweza. Mungu akulaze pema.

Ah, kuna neno moja nimelisahau. Wewe umetangulia huko, na ninavyokujua, umeshazoeana na wenyeji. Siku yangu ikifika, na mimi nikiulizwa, usiniache nijisemee.

Mpwa wako,
Somoe