Mzee, Nishikie Usukani

Shoga yangu, acha nikusimulie. Nacheka na kulia 😭

Unalijua lile gari la spoti alilojiundia shemeji yako uani. Leo injinia wetu kaamua kumtembeza baba yangu. Baba yuleyule aliyesema, "Mkwe wangu anachezea mabati."

Jana kaufungua usukani aupake grisi. Kaurudisha. Nati kaikaza? Thubutu!

Wanakata kona ya kwetu, mimi nipo getini natazama, usukani ukang'oka. Mzima mzima!

Unajua aliufanyaje? Alimpa baba. Alimpa BABA! "Mzee, nishikie hapa kidogo," kwa adabu zote, kisha akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama limebusu ua wa jirani.

Baba kapakata usukani kama mjukuu. Shemeji yako jasho linamtiririka, anasubiri kutukaniwa ukoo mzima.

Baba akakohoa. "Breki umefunga mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Zinashika. Haya, sogea niupachike huu. Sasa naendesha mimi."

Kuendesha wapi! Tangu hapo wako chini ya gari, wananyang'anyana spana. Nimewaita waje kula, hakuna hata mmoja aliyeitika.