Gitaa la Kwenye Kioo

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na wanangu wote. Huku tu wazima: cherehani zinalia, wateja wanalalamika, kwa hiyo mambo ni mazuri. Natumaini nawe u mzima na mkono haukusumbui siku za baridi. Sasa tafadhali, huo mzigo uliokuja na barua hii usiufungue kwanza. Nakujua kwa papara. Uweke pembeni, kaa kitini, usome mpaka mwisho.

Habari kubwa ni kwamba ninapiga gitaa. Cheka kwanza, nakusubiri. Ndiyo, mimi Chiriku, niliyetolewa kwenye kwaya ya shule kwa ajili ya sauti, mwenye miaka arobaini na mitatu, nisiyejua nyuzi zozote ila za kushonea. Nimejifunza hapahapa nyumbani, kwa simu. Naiegemeza kwenye pasi juu ya meza ya kukatia, mwalimu anatokea na kofia yake, anaonyesha pa kubana na pa kupiga. Mwanzoni vidole vilivimba hata nikashindwa kutia uzi kwenye sindano. Mume wangu akasema paka wa jirani wamehama kwa sababu yangu. Nikamwambia azibe masikio kwa pamba, maana mimi siachi. Mwezi wa tatu wa masomo nilimkuta anatingisha mguu chini ya meza, akidhani simwoni.

Lakini sikia kituko. Masomo yale yalikuwa yamerekodiwa, hakuna aliyekuwa akiniona. Baada ya miezi minne mwalimu akatuita mmojammoja tumpigie ana kwa ana, kwa simu hiyohiyo. Nikakaa kwa majivuno, nikapiga wimbo mzima bila kukosea. Akauliza kama natumia mkono wa kushoto. Nikamjibu kwamba mkono huo haujawahi kunishikia hata kijiko. Akacheka mpaka kofia ikamtoka. Akasema, basi, mama, umejifunza kinyume.

Kosa lenyewe ni la fundi cherehani. Kila somo mwalimu alikuwa akisema tutazame kioo cha simu na tumfuate. Mimi miaka ishirini nawapima watu mbele ya kioo, na kwangu kioo ni kioo. Shingo ya gitaa lake ilionekana upande wa dirisha langu, nami nikaielekeza dirishani. Kumbe yeye anabana nyuzi kwa kushoto na kupiga kwa kulia, mimi nabana kwa kulia na kupiga kwa kushoto! Hata nilipoona uzi mnene uko chini badala ya juu, nilimlaumu aliyezifunga kabla yangu, nikazifungua zote nikazipanga upya. Matusi niliyomtupia mtu huyo siyaandiki hapa.

Mwalimu akashauri nianze upya. Nikamzimia simu kwa hasira. Miezi minne! Nikavuta suruali ya mteja nishone pindo, nikaitazama mikono yangu miwili, nikakukumbuka wewe. Pindo lile sikulimaliza. Nililia.

Tuseme wazi, kaka, jambo ambalo ukoo mzima tunaliruka kama dimbwi. Mashine ya kuranda ilikuchukulia vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete, sasa ni miaka sita. Ukaniletea gitaa lako, ukasema nimpe yeyote au nilichome, na nisilitaje tena mbele yako. Wiki ileile nikakuambia nimewapa wanakwaya. Wifi ananieleza kwamba hata leo muziki ukianza redioni unatoka nje kupanga mbao zilizokwisha kupangwa.

Nilikudanganya. Sikumpa mtu. Limekaa miaka yote hiyo nyuma ya majora ya vitambaa, limevikwa shuka langu. Ndilo nililojifunzia, na aliyetukanwa kwa kuzifunga nyuzi ni wewe. Nisamehe kwa yote mawili.

Mkono wako wa kulia una vidole vitano vizima, na ndio utakaobana. Wa kushoto kazi yake ni kupiga tu, kwa gumba na cha shahada, na hivyo unavyo. Nimejaribu kwa hivyo viwili peke yake, vinatosha. Usiniletee habari za umri. Ikiwa mimi nimeweza kwa kukosea, wewe utashindwaje kwa kukusudia?

Haya, kata kamba. Nyuzi usizirudishe ulivyozizoea, uzi mnene ukae juu kama nilivyouweka. Ukitaka kunigombeza, nigombeze Jumamosi saa kumi jioni, kwenye simu. Nimeazima gitaa jingine, na mwalimu nimeshamwambia kwamba sianzi upya, na kwamba sasa ana wanafunzi wawili wa kinyume.

Wabusu wanangu, msalimie wifi, na mwambie asikuruhusu kwenda kupanga mbao.

Mdogo wako asiyesikia la mtu,
Chiriku